Muulizeni Orpha

Kakunodate, Akita, Japani
Jumapili, 8 Februari 2009

Lambert wangu, fundi wa mafundi,

Na wewe Elisée, ndugu yangu, unayemsomea shemeji yako barua hii kwenye kompyuta za pale Hillbrow, Johannesburg, kwa kuwa mashine anayoijua yeye ni cherehani tu: usiruke mistari! Nikimtania mume wangu, msomee hivyohivyo. Ukiona haya, funika uso.

Nimefika. Miguu hii iliyotoka Uvira ikikimbia risasi, leo imekanyaga theluji ya Japani na haikimbii mtu. Nimekuja kutalii, jamani! Kazi yangu ni kumshika mkono Madamu Verity asiteleze. Tangu nianze kumwogesha na kumlisha pale Parktown, bibi wa watu anaimba wimbo mmoja tu, kwamba hafi kabla hajaiona theluji ya mkoa huu. Watoto wake wakamwambia atavunjika kiuno. Akawajibu, basi naenda na Orpha.

Theluji imenipita kimo. Unatembea njiani, kushoto ukuta mweupe, kulia ukuta mweupe, na nyumba za mbao nyeusi zimeinama chini ya mzigo. Hakuna kelele. Mpaka nikajisikia natafuna.

Jana walitupeleka kwenye chemchemi ya maji ya moto, meupe kama maziwa, huko nje, theluji inakuangukia kichwani. Wanawake wote uchi! Madamu akavua zote kama mtoto mchanga. Mimi nikaingia na kitenge changu, na mama mmoja wa pale akaniinamia, akaniinamia tena, akionyesha kwamba nguo haziingii majini, mpaka nikaona haya nikakivua. Lambert, cheka polepole, ndugu yangu yuko hapo.

Sasa ya nyumbani. Gustave atapita Alhamisi kuchukua vile vipande ulivyokata, akavishone kwake kama siku zote. Ufunguo wangu wa geti nimemwachia yeye, maana wewe ukiwasha redio na cherehani, hata malaika akibisha husikii. Mrundi wa watu amesimama juani mara ngapi pale Troyeville akigonga geti letu? Mara hii afungue mwenyewe.

Kula. Usinywe chai tu.

Mkeo,
Orpha

*

Johannesburg
Jumanne, 10 Februari 2009

Yaya Marcelline,

Kaa chini kabla hujasoma. Wewe ndiye dada yetu mkubwa, Baba na Mama hawapo, sina mwingine wa kumwambia.

Wamemuua Lambert.

Jana Jumatatu, mchana. Nilitoka zamu yangu ya ulinzi, nikapita Troyeville nimsomee barua ya Orpha. Nilikuwa nimeichapisha, naisoma njiani nikicheka peke yangu. Nikakuta geti wazi. Kufuli linaning'inia zima, halijavunjwa wala halijakwaruzwa. Redio inaimba. Lambert yuko chini ya meza ya kukatia. Wamempiga kichwani kwa pasi yake mwenyewe, ile nzito ya kunyooshea makoti, mpaka upande mmoja wa uso haupo. Mkasi wake wamemwachia shingoni. Sare za shule alizokuwa anazishona zimelowa damu, na cherehani zote mbili zimechukuliwa.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mmoja aliniuliza kwa nini hatukai kwetu.

Yaya, tangu Mei ya mwaka jana wenyeji walipotuchoma na kutukimbiza sisi wageni, Lambert hamfungulii mtu asiyemjua. Unajua alivyokuwa. Na geti halikuvunjwa. Basi aliyeingia aliingia kwa ufunguo. Funguo ziko mbili. Wake niliukuta mfukoni mwake. Wa pili Orpha amemwachia Gustave, yule fundi Mrundi anayeshirikiana naye kazi. Ameniandikia mwenyewe.

Nimwambie Orpha? Anarudi Jumapili ya tarehe ishirini na mbili. Niambie la kufanya.

Mdogo wako,
Elisée

*

Bukavu
Jumanne, 10 Februari 2009

Elisée,

Nimelia, nimemaliza, nitalia tena. Sasa nisikilize.

Orpha asijue. Sema umenisikia. Msafiri haambiwi kifo akiwa njiani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na hivyo ndivyo itakavyokuwa. Baba alipokufa, mimi nilikuwa Lubumbashi. Walinipokea stesheni wakicheka, wakanibebea mizigo, wakanipa maji nikaoga, wakanipa chakula nikala, na wanawake walipokwisha kunizunguka pande zote ndipo mama mkubwa akanishika mabega akaniambia. Nilianguka, na kulikuwa na mikono ya kunidaka. Huko kwenye barafu nani atamdaka Orpha? Kile kibibi cha Kizungu?

Kwa hiyo utamjibu barua zake. Utasema shemeji mzima. Maiti ikae mochari mpaka arudi. Waumini wote wa kanisa waambie wafunge midomo, asije mtu akampelekea ujumbe.

Na huyo Gustave. Kikulacho ki nguoni mwako. Amekula ugali wa Lambert miaka mingapi? Lakini usikurupuke. Hakikisha kwanza. Ukishahakikisha, wewe ndiye mwanamume uliyebaki, sitakufundisha. Damu ya shemeji yako isikauke hivihivi kama maji ya kuoshea vyombo.

Mimi yaya wako,
Marcelline

*

Johannesburg
Jumatano, 11 Februari 2009

Dada Orpha,

Salamu nyingi kutoka kwa Lambert. Barua yako nilimsomea yote, akacheka sana nilipofika kwenye kitenge. Kazi ni nyingi ndiyo maana hasemi mengi. Huku mvua na radi kila alasiri, ndivyo Februari ilivyo.

Lambert anauliza jambo dogo. Ule ufunguo wa geti, una hakika ulimpa Gustave? Ulimpa yeye mwenyewe au ulimwachia mtu mwingine ampelekee? Anataka kujua tu, asije akapotea.

Furahi huko. Piga picha nyingi.

Nduguyo,
Elisée

*

Oga, Akita
Alhamisi, 12 Februari 2009

Lambert,

Hee! Nimekuandikia theluji, nimekuandikia wanawake uchi, na wewe unanijibu kwa ufunguo! Kweli nimeolewa na fundi. Ndiyo, nilimpa Gustave, mkononi mwake, mimi mwenyewe, asubuhi ya safari. Nilikuwa nakimbia, gari la Madamu linapiga honi, nikamwona anavuka pale kwenye taa za roboti, nikashusha kioo nikamtia ufunguo kiganjani. Hajapita mtu kati yetu. Umeridhika?

Sasa sikiliza ya leo. Tumefika kwenye rasi ya bahari, upepo unakata masikio. Huku wana mazimwi yao. Wanaume wanavaa sura za mbao, nyekundu na bluu, meno nje, mwilini majani makavu ya mpunga, mkononi kisu kikubwa kama panga. Mwisho wa mwaka wanaingia nyumba kwa nyumba wakipiga milango na kunguruma: nani mvivu humu, nani mtoto mbaya humu? Watoto wanajikojolea. Baba mwenye nyumba anawapigia magoti, anawakaribisha pombe, anawatetea watu wake, na mazimwi yanakubali na kwenda zao.

Watalii tunaonyeshwa ndani ya nyumba ya zamani. Mlango ulipopigwa, Lambert, sikukumbuka kwamba ni mchezo. Nilikumbuka Mei. Nilimvuta Madamu nyuma yangu nikashika kijiti cha kuchochea moto. Watu wakacheka. Zimwi lenyewe likavua sura, kumbe ni mzee tu ana jasho, akaniomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Naandika haya nikitaka uniambie neno moja la kijinga kama unavyofanya. Mbona barua ya Elisée haina neno lako hata moja? "Lambert anauliza", "Lambert anataka". Umenuna kwa sababu nimesafiri? Sema.

Mkeo anayekukumbuka,
Orpha

*

Johannesburg
Jumamosi, 14 Februari 2009

Yaya,

Nimehakikisha. Orpha amejibu kwa mkono wake: alimpa Gustave mwenyewe, hapakupita mtu kati yao.

Jana nilimfuata Gustave nyumbani kwake Hillbrow, kwa upole kabisa, nikamwambia naomba ufunguo nikafunge geti la marehemu. Akanipa palepale. Analia huyo, analia kuliko mimi! Nikaenda nao Troyeville. Haufungui. Hata hauingii. Ni ufunguo mwingine kabisa, mdogo, wa kabati sijui.

Nikarudi kumuuliza. Akaukodolea macho. Anasema ndio huohuo aliopewa, hajautumia hata siku moja, Lambert ameuawa kabla ya Alhamisi. Anasema labda Orpha alikosea kwa haraka, muulizeni Orpha. Nikamwambia Orpha ni msafiri, hatuwezi kumgusa na habari hizi. Akasema kweli, ni kweli, msafiri haguswi, basi tumsubiri arudi.

Umeona ujanja? Ufunguo halisi amewapa wenzake, mimi ananitupia kichuma cha kabati, halafu anajificha nyuma ya desturi yetu. Tusubiri Orpha arudi! Akirudi yeye atakuwa Bujumbura anakula cherehani zetu.

Nimeongea na vijana wawili wa Uvira tunaofanya nao ulinzi. Kesho baada ya ibada. Eish, Yaya, tangu Jumatatu sijalala, nikifumba macho naona ule mkasi.

Usiniandikie kunizuia.

Elisée

*

Yokote, Akita
Jumapili, 15 Februari 2009, asubuhi

Lambert wangu, na Elisée, na niombeeni msamaha kwa Gustave mara moja!

Nimecheka mpaka Madamu akadhani nimepatwa. Leo natafuta dawa yake ya presha kwenye pochi, nakuta nini? Ufunguo wetu wa geti. Huohuo, wenye uzi mwekundu ulioufunga wewe. Nikajiuliza, basi Gustave nilimpa nini? Madamu ndiye aliyenitatulia: ufunguo wa kabati lake la vyombo haupo. Maskini Mrundi wa watu! Alhamisi atakuwa amesimama getini anakoroga kufuli na ufunguo wa vikombe vya chai, na wewe ndani na redio yako. Atakuwa amenitukana Kirundi chote. Mwambieni ni wehu wangu wa haraka, nitamletea zawadi.

Jioni tunakwenda kuona vibanda vya theluji. Watoto wanachimba chumba ndani ya rundo, wanawasha mshumaa, wanakaa humo kwenye mikeka na kuwaita wapita njia: karibuni, ingieni. Ukiingia wanakupa kinywaji kitamu cha moto cha wali, na keki ya wali wa kupondwa. Mtu usiyemjua, anakuita uingie kwake! Nimeona watoto wakijiandaa tangu asubuhi na nimetokwa machozi, sijui kwa nini. Nilitamani uwe hapa. Tungeingia kila kibanda.

Nirudishie hata matusi, lakini yawe yako.

Orpha

*

Johannesburg
Jumatatu, 16 Februari 2009

Yaya,

Jana sikufungua kompyuta. Nilikuwa kanisani, halafu nilikuwa kule. Nimefungua leo asubuhi. Soma barua ya Orpha niliyokutumia pamoja na hii, halafu urudi hapa.

Umeisoma?

Tulikuwa watatu, tumevaa kofia za kuziba uso, tumebeba rungu za kazini. Tulimkuta mezani na mkewe Spéciose, wanakula maharage. Nilipindua meza. Mke tulimfungia chumbani. Tulianza na mikono, ili asishike sindano tena maisha yake. Nilimkanyaga kiwiko, mwenzangu akapiga vidole, kimoja kimoja, na vililia, Yaya, vililia kama kuni kavu. Nikamuuliza ufunguo umempa nani. Akasema muulizeni Orpha. Nikampiga mdomoni. Akatema meno, akasema muulizeni Orpha. Kila nilipopiga alisema hilohilo. Mwishoni alikuwa anapiga kelele kabisa, Orpha! Orpha! Majirani wote walisikia na hakuna aliyefungua mlango. Ndiyo Hillbrow.

Tukamburuta kwenye korido. Jengo lile lifti ilikufa zamani, mlango wake uko wazi, ni shimo tu na takataka chini, ghorofa sita. Nilitaka kumtisha. Alirudi nyuma mwenyewe, akateleza.

Hapana. Sikudanganyi wewe. Nilimsukuma.

Alikaa hai humo chini mpaka alipotolewa. Akafia kwenye gari la wagonjwa.

Na leo, Yaya, leo mchana, polisi wamewakamata vijana wawili pale Marshalltown wakiuza cherehani ya Lambert. Wamesema wenyewe. Walibisha geti mpaka akawasikia, wameshika sare ya shule, mmoja kavaa kaptula ya shule, wakamwambia mwalimu anawafukuza, washonee haraka. Akawaonea huruma, akafungua. Lambert alifungua mwenyewe.

Kama ningemuuliza Orpha swali moja la kweli! Niliuliza kwa kuzungukazunguka kama mwizi, naye akanijibu kwa kucheka. Nifanye nini? Spéciose hakutuona nyuso. Leo watu wa kanisa wamekuja kunichukua nikasaidie kuweka viti vya matanga. Nimeviweka.

Elisée

*

Bukavu
Jumanne, 17 Februari 2009

Orpha, mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaifuta. Nilitaka uambiwe ukiwa umeoga, umekula, umezungukwa. Haiwezekani tena, maana lazima ujue kabla hujafungua mdomo wako popote.

Lambert hayupo. Wezi walimuua Jumatatu ya wiki iliyopita palepale kwenu. Mimi ndiye niliyeamuru usiambiwe. Nilifuata desturi, na moyo wangu ulikuwa safi.

Elisée aliona geti halikuvunjwa, akaamini ni Gustave, kwa sababu ya ufunguo. Barua yako ya Yokote ilifika, yeye hakuiona mpaka yamekwisha. Gustave naye amekufa. Kwa mkono wa Elisée.

Sasa lia, halafu unisikilize. Hakuna anayejua. Walifunika nyuso. Mjane, Spéciose, anauliza kila mtu kwa nini mumewe alikuwa akilitaja jina lako. Hakuna wa kumjibu ila wewe. Ukimwambia habari ya ufunguo, atakwenda moja kwa moja mpaka kwa ndugu yako. Ufute barua ile. Ukiulizwa, hujui. Mume amekwenda, Gustave amekwenda, hakuna atakayewarudisha. Tumbo moja lilituzaa watatu. Usiniache na mmoja gerezani. Elisée amekonda, hali chakula. Kila siku yuko matangani kwa yule mjane, anamchotea maji, anagawa chai. Mungu anaona anavyotubu.

Nakuomba kwa jina la Mama.

Marcelline

*

Yokote, Akita
Jumatano, 18 Februari 2009

Kwa Jeanne, ofisi ya kanisa, Troyeville

Jeanne, mwandishi wetu wa kanisa, samahani kwa mzigo huu. Chapisha barua hii, uipeleke matangani kwa Spéciose saa ya sala ya jioni, watu wakiwa wamejaa, uisome kwa sauti. Ukianza usinyamaze, hata wakikukataza. Kabla hujaanza, mwambie Bakiri wa buchani, yule jirani yetu Mtanzania, asimame mlangoni na wanaume wawili.

Spéciose, dada yangu,

Mimi Orpha. Nimejua jana. Mpaka jana nilikuwa nacheka kwenye theluji, na mume wangu yuko mochari, na wako yuko mochari, na kila mtu anaona vyema nicheke. Walinificha kwa kunipenda. Sitaki kupendwa hivyo tena na mtu yeyote.

Nilipoanguka, aliyenidaka ni mwanamke wa hoteli, hajui neno la Kiswahili. Alikaa nami sakafuni mpaka asubuhi.

Unauliza kwa nini Gustave alinitaja. Kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilimpa ufunguo usio wetu, kwa haraka yangu, na ufunguo wa geti ninao hapa. Hakuwahi kuwa nao hata saa moja. Mtu mmoja tu angeweza kuthibitisha kwamba hana hatia, ni mimi, naye Gustave alisema niulizwe, na hawakuniuliza. Gustave hakumuuza Lambert. Wote mliokuwa mkinong'ona hapo matangani, mmesikia. Mumeo amekufa safi.

Yaya yangu ameniomba ninyamaze. Nimelia naye kwa simu, akanisimulia yote mpaka maneno ya mwisho ya Gustave, na nimemwambia hapana. Gustave angekuwa hai, angemzika Lambert vipi? Angeshona sanda kwa mikono yake. Mikono hiyo waliivunja kidole kimoja kimoja, nami ninyamaze kwa sababu ya tumbo lililotuzaa?

Madamu amebadilisha tiketi. Nitafika Ijumaa. Sitakwenda kwangu kwanza. Nitakuja kwako, nitakaa chini mbele ya mlango wako, na ukinitemea mate sitajifuta. Kisha tutakwenda wote polisi, na barua zote ninazo.

Waliokuja kwako walikuwa watatu. Wawili siwajui majina. Wa tatu ndiye anayekugawia chai.

Elisée, najua umo humo. Kaa hapohapo.

Orpha